Kadi za Pokémon: namna ya kumnyima mwizi soko

Baba yangu alikuwa fundi saa pale Ngamiani, Tanga. Kila saa iliyopita mikononi mwake aliifungua mfuniko wa nyuma, akachora ndani kwa ncha ya sindano namba ndogo ambayo mwenye saa mwenyewe hakuijua. Namba hiyohiyo aliiandika kwenye daftari la kaunta. Siku moja kijana mmoja akaleta saa ya kuuza. Baba akafungua mfuniko, akauona mwandiko wake. Akamwagizia kijana chai. Chai haijapoa, mwenye saa kafika.

Niliikumbuka saa ile miaka zaidi ya thelathini baadaye, nimesimama kwenye maonyesho ya kadi ndani ya ukumbi wa michezo hapa Uingereza, macho kwenye kiti kitupu. Dakika mbili kabla, juu ya kiti kile palikuwa na albamu ya kadi za Pokémon, zile za mchezo wa viumbe vya kubuni ambazo watoto hukusanya na kubadilishana, za binti yangu Zuhura. Kadi 41. Nilikuwa nimegeuka tu kumlipa muuza kadi wa meza ya pili.

Kati ya hizo 41 zilirudi tatu. Na zilirudi tatu kwa sababu moja: nilikuwa nimepanga kuziuza, kwa hiyo nilizipiga picha vizuri siku chache kabla. Zile 38 nilizijua kwa majina tu, na jina la kadi si ushahidi, maana ziko maelfu zenye jina hilohilo. Mimi ni dereva wa basi, si mtaalamu wa ulinzi, lakini tangu siku ile wazazi wenzangu hawaachi kuniuliza kwenye WhatsApp, hasa wale ambao watoto wao wameanza juzi na tayari albamu imejaa. Naandika mara moja ili nisirudie kila siku.

Mwizi hana haja na Pikachu

Pikachu ni kiumbe maarufu wa kadi hizi, lakini anachotaka mwizi ni pesa. Kadi ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, inaingia kwenye mfuko wa shati, na unaweza kuiuza kwa mtu wa Berlin au Tokyo bila kuinuka kitandani. Simu ya wizi inafungwa, gari lina namba ya chesisi. Kadi haina chochote. Ndiyo maana kila ushauri unaoishia kwenye kufuli na kamera naona umeishia nusu ya njia. Kufuli ni lazima, nitafika huko, ila mwizi akishaivuka, kinachobaki kukusaidia ni kadi ile kuwa na utambulisho wake, ili atakayeipeleka sokoni ashikwe nayo.

Na soko lenyewe ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mei 2021 maduka ya Target kule Marekani yalisimamisha kwa muda kuuza kadi za Pokémon na za michezo madukani, baada ya watu kupigana kwenye maegesho ya duka moja jimbo la Wisconsin kwa sababu ya kadi. Mwaka uliofuata kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapwa na Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Za kwetu si za bei hiyo, ila kadi ya Charizard, joka lenye mabawa, ya seti ya mwanzo ya Kiingereza ya mwaka 1999, namba 4 kati ya 102, hata ikiwa imechakaa kidogo, inaweza kukulipia kodi ya chumba.

Huwezi kuichora kwa sindano

Hapa ndipo kadi inapotofautiana na saa za Baba. Ukiiandika, hata kwa kalamu ile ya wino usioonekana mpaka uumulike kwa taa ya urujuanimno (UV), umeiharibu na thamani imeshuka. Usifanye. (Kalamu hiyo tumia kwenye albamu, kwenye sanduku, kwenye mfuko wa kubebea. Huko andika jina na msimbo wa posta upendavyo.)

Badala ya kuweka alama, tafuta alama ambayo kadi imezaliwa nayo. Zipo, tena nyingi, ukijua pa kutazama.

Ya kwanza ni kingo. Mashine ya kukata haikati kila karatasi sawasawa. Angalia ukingo wa njano wa kadi za zamani: kushoto unaweza kuwa mpana kuliko kulia, juu mwembamba kuliko chini. Upana huo haubadiliki hadi mwisho wa dunia, labda mtu akate kadi, na kadi iliyokatwa mnunuzi mzoefu anaijua kwa rula tu.

Ya pili ni sehemu inayong'aa. Kwenye baadhi ya kadi za zamani zenye mng'ao utaona nyota na vijiduara, na mara mojamoja kizingo kama konokono. Karatasi ya mng'ao haikupangwa ili ilingane na picha iliyochapwa juu yake, kwa hiyo konokono yule huangukia popote: kwangu alikuwa juu ya bawa la kushoto, kwako atakuwa pembeni kabisa au asiwepo. Hii ndiyo alama niliyoitumia kuitambua Charizard ya Zuhura, na polisi aliielewa kwa sekunde moja bila mimi kumfundisha Pokémon ni nini.

Ya tatu ni majeraha: mikwaruzo, mstari mwembamba wa mashine ya kuchapia, vidoa vyeupe kwenye kingo za nyuma ambako rangi ya bluu imebanduka. Watu huona aibu na vidoa hivyo. Mimi siku hizi nafurahi nikivikuta, maana ndiyo chanjo ya begani ya kadi.

Kwa kadi za mpira wa kikapu au soka, kazi ni rahisi zaidi. Nyingine zimechapwa namba ya nakala, kwa mfano 23/99, na ya 23 iko moja tu duniani. Iandike.

Sasa picha zenyewe. Nawa mikono, ikaushe kabisa. Toa kadi kwenye plastiki, maana plastiki huficha na huakisi. Iweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, mchana, jua lisiipige moja kwa moja. Mimi hupiga saa nne asubuhi nikiwa na zamu ya jioni. Piga mbele ukiwa umeinamia wima, simu isipinde, halafu nyuma vivyo hivyo. Kisha pembe nne kwa karibu, moja moja, mbele na nyuma. Kisha zima taa ya chumba, laza tochi pembeni ya kadi usawa wa meza, na upige tena: mwanga wa ubavuni huibua kila mkwaruzo kama jua la magharibi linavyoonyesha mashimo barabarani. Mwisho piga moja ukiwa umeweka rula kando.

Hesabu ni picha kumi na mbili kwa kadi. Usifanye hivyo kwa kadi zote, utachoka siku ya kwanza uache. Sisi tuliweka mpaka: kadi ya kuanzia pauni 20 inapigwa yote kumi na mbili, za chini ya hapo zinapigwa ukurasa mzima wa albamu kwa picha moja.

Jambo moja linalowaponza watu: usihifadhi picha hizo kwa kujitumia WhatsApp kama picha za kawaida. Inazibana, na kile kidoa kidogo unachokitegemea kinayeyuka. Tuma kama faili, au weka moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni pamoja na nakala kwenye diski ya pembeni. Simu pia huibiwa.

Daftari

Tumia daftari la karatasi au jedwali kwenye kompyuta, upendavyo. Andika jina la kadi, seti, namba, lugha, ulinunua wapi, tarehe, bei, na sentensi moja ya alama: "kizingo juu ya bawa la kushoto, kidoa cheupe nyuma chini kulia." Risiti piga picha. Kama umenunua kwa mtu mkononi, mwombe akuandikie ujumbe mfupi wa kukiri kauza, na uutunze. Baba asingekubali saa iingie dukani bila mstari wake daftarini, hata iwe ya mjomba.

Hapa Uingereza kuna daftari la mali la taifa mtandaoni liitwalo Immobilise. Kuandikisha ni bure na polisi hulitazama wanapokamata mali inayotiliwa shaka. Kadi zako kubwa ziandikishe humo, maelezo na picha.

Zilizopimwa daraja

Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, na wenzake Beckett, CGC na SGC, huipima kadi, huipa daraja hadi 10, huifungia kwenye kasha gumu la plastiki na kubandika namba ya cheti. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Kwa usalama ni jambo zuri: kadi imepata kitambulisho.

Ila usilale. Mwizi anaweza kulivunja kasha na kuiuza kadi ikiwa uchi, na hapo unarudi kwenye kingo na vizingo. Kwa hiyo piga picha kabla ya kuipeleka kupimwa. Pia, ukiweka picha ya kasha hadharani, funika namba ya cheti na msimbo wake kwa kidole au karatasi. Wapo wanaonakili namba halisi kwenye picha za watu na kuibandika kwenye kasha la kughushi, kisha siku unayouza ya kwako unaulizwa mbona ipo nyingine.

Mdomo

Sehemu hii ni fupi lakini ndiyo ninayogombana nayo zaidi na binti yangu. Usitangaze ulichonacho pamoja na unapoishi. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, basi zima huduma ya mahali kwenye kamera. Angalia nyuma ya picha: dirisha, namba ya nyumba mkabala, sare ya shule kwenye kiti. Na usiandike "tunaondoka kesho kwenda Tanga wiki sita, tutawakumbuka". Watakukumbuka kweli.

Shuleni Zuhura hupeleka kadi alizonazo mbilimbili tu. Ile ya pekee hukaa nyumbani, hata rafiki alie.

Nyumbani

Sefu ndogo isiyofungwa kwa bolti sakafuni au ukutani ni zawadi yenye mpini. Ifunge. Isikae chumba cha kulala cha wazazi, ndiko wanakoanzia. Sefu nyingi zinazostahimili moto hushika unyevu ndani, na nyumba za huku wakati wa baridi zina unyevu wa kutosha kuota uyoga. Kadi zenye mng'ao hujikunja kama chapati iliyoachwa juani. Weka pakiti za kukausha unyevu na kipimo kidogo cha bei nafuu, uhakikishe unyevu unabaki karibu na asilimia 50.

Halafu soma bima. Nilikuwa na bima ya vitu vya nyumbani na nilidhani nimemaliza. Nilipopiga simu nikaambiwa mambo mawili: kwanza kuna kikomo cha thamani ya kitu kimoja kisichotajwa kwa jina, pili bima yangu ilikuwa inaishia mlangoni. Ukumbi wa michezo si nyumbani. Uliza maswali hayo mawili kabla, na la tatu: je, mkusanyiko mzima wanauhesabu kama kitu kimoja? Wengine huuhesabu hivyo.

Kwenye maonyesho na kwenye kubadilishana

Albamu isikae kwenye kiti. Isikae chini kati ya miguu. Inakaa kwenye begi la kifuani, zipu ndani, na ukilipa unalipa ukiwa umeivaa. Nenda wawili: mmoja anaongea bei, mwenzake anaangalia mikono. Usimpe mtu albamu nzima aipekue. Toa kadi moja, aitazame, irudi, ndipo itoke nyingine. Mwenye nia njema hachukii. Ukurasa wenye mifuko tisa uwe umejaa au uache tupu kabisa, hapo pengo jipya utaliona palepale.

Kifaa cha kufuatilia kama AirTag kinasaidia, tumekishonea kwenye mgongo wa albamu mpya. Lakini elewa kinavyofanya kazi: simu ya mwizi inaweza kumwarifu kwamba kuna kifaa kisicho chake kinachosafiri naye, na atakitupa. Kinakupa dakika, labda saa moja. Si dawa.

Ukiuza mwenyewe

Sisi tuliotoka kwenye meseji feki za M-Pesa hatupaswi kuliwa hapa, lakini tunaliwa. Picha ya skrini inayoonyesha malipo yamekwenda si malipo. Fungua programu ya benki yako mwenyewe, uione pesa, ndipo kadi itoke. Kutaneni mahali penye watu na kamera, ndani ya maktaba au kwenye duka la kadi lenyewe ukimwomba mwenye duka.

Kwa posta, kadi huingia mfuko mwembamba, kisha kasha gumu, kisha mfuko unaofungwa, kisha kati ya makadibodi mawili, kisha bahasha yenye vipovu. Rekodi video moja bila kukata, kuanzia alama za kadi hadi bahasha kufungwa. Nje usiandike Pokémon popote. Royal Mail wana huduma ya Special Delivery Guaranteed yenye fidia ya hadi pauni 750, na unaweza kuongeza ifike 2,500. Kwa kadi ya mia nne naona inastahili gharama yake.

Video hiyo ina kazi ya pili. Kuna mnunuzi anayepokea kadi yako nzuri, anadai ina kasoro, anakurudishia nyingine mbovu yenye jina hilohilo. Huo nao ni wizi, na dawa yake ni ileile ya kizingo na kingo.

Imeshaibiwa

Siku hiyohiyo wapigie polisi simu, hapa ni 101 kama mwizi ameshaondoka, na uchukue namba ya kesi. Bila namba hiyo hakuna atakayekusikiliza: si bima, si soko la mtandaoni, si kampuni ya kupima. Waarifu wenye maonyesho na maduka ya kadi ya mji wako na miji ya jirani, uwape picha. Wauzaji wa kadi wanajuana kuliko madereva wa daladala. Kama zilikuwa kwenye makasha, iandikie kampuni husika namba za vyeti pamoja na namba ya kesi.

Kisha tafuta. Weka kumbusho la utafutaji, simu ikuarifu kadi ikitangazwa, kwenye masoko yote, eBay, Cardmarket, Vinted, kurasa za Facebook za mji wako. Siku ya tisa niliiona Charizard. Mkono ulitetemeka, nikataka kuandika "mwizi wee". Sikuandika. Nilipiga picha za skrini: tangazo, namba yake, jina la muuzaji, tarehe, kadi nyingine anazouza. Halafu nikamwandikia kwa adabu kama mnunuzi yeyote: naomba picha ya pembe ya juu kushoto na nyuma, karibu na dirisha. Wakusanyaji huomba hivyo kila siku, hakushtuka. Picha zilipokuja nilizipanga sambamba na zangu, kila alama nimeizungushia duara jekundu, nikapeleka polisi kwa namba ya kesi na kwa soko lile. Usiende kuichukua mwenyewe. Usinunue kwanza ili udai baadaye.

Aliyekuwa akiuza alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine, pamoja na mbili za kwetu. Hapa sheria ya Uingereza iko upande wako: mwizi hawezi kumpa mtu umiliki asio nao, hata mnunuzi akiwa na nia njema, ingawa baada ya miaka 6 tangu ununuzi huo wa nia njema haki yako ya kudai huisha. Ajabu ni kwamba hadi Januari 1995 kulikuwa na kanuni ya kale iliyosema kitu kilichonunuliwa kwa nia njema kwenye masoko fulani, hadharani, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, kinakuwa halali ya mnunuzi hata kama ni cha wizi. Muuzaji wetu alinunua saa tatu usiku kwenye maegesho, kwa hiyo hata kanuni ile isingemsaidia.

Nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa kijana, naye kapoteza pesa zake. Lakini kadi tatu zinazotolewa kwenye albamu isiyo na jina, bei nusu, muuzaji hajui seti gani ni ipi: dalili zote alikuwa nazo mbele yake, na kununua kitu huku unaamini ni cha wizi ni kosa la jinai.

Kadi tatu zilifika kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi, wenye kibandiko. Zuhura hakuufungua siku ile. Alizitazama kwanza kwa juu ya plastiki, akamtafuta yule konokono juu ya bawa, akampata. Zile 38 kumbusho zake bado zipo kwenye simu yangu. Hulia zaidi Ijumaa usiku, watu wakishalipwa, na mimi huzifungua nikiwa gereji, kabla sijakabidhi funguo za basi.